Tuwahi Kabla Hawajaja

Watu wa barabara walikuja asubuhi na kamba, nyundo na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Wakavipigilia kufuata mstari wa miarobaini, wakanunua maji dukani, wakaondoka. Hawakugonga mlango wa mtu wala hawakutoa salamu. Sasa mtu akija kupigilia kigingi mbele ya nyumba yako, akaondoka bila hata kukohoa, wewe utaelewaje? Mtaa ulielewa ulivyoelewa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Miarobaini ile ilisimama mmoja mbele ya kila nyumba, kuanzia mlangoni kwa Fundi Viti hadi kona ya barabara kubwa. Chini ya ule wa kona ndipo Fundi Viti alipokaa akisuka viti vya nyuzi za plastiki. Macho yalimwacha ukubwani, lakini mikono ilibaki, na miguu pia ilibaki kwa sababu ya miti. Alitoka mlangoni peke yake, akanyoosha mkono, akaushika wa kwanza. Kutoka hapo kivuli kilimpokea kwenye shavu, akaupata wa pili wenye nundu, kisha ule wenye siafu ambao aliugusa kwa kidole kimoja tu huku akiwatukana siafu kwa utani. Fimbo yake nyeupe ilikaa nyuma ya mlango. Akiulizwa mbona haitumii, alisema fimbo ni ya kwenda ugenini.

Mkewe alikuwa msusi, na kazi yake aliifanyia chini ya ule mti wa kwanza. Kioo alikitundika kwenye msumari uliopigiliwa shinani. Siku ile ya vigingi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha Mama Mapacha, jirani wa nyumba ya pili, kaka yake alipokuja amekunja uso. Kaka huyo alikuwa seremala, mtaa mzima ukimwita Randa.

"Umekiona kigingi?" akauliza Randa.

"Nimekiona. Nina kichwa cha mtu mkononi, kaka, sema haraka."

"Kimepigwa shinani kabisa. Unadhani wamekipiga pale ili kipendeze?" Akachuchumaa. "Mtaa wa nyuma hukuuona? Waliamka wakakuta katapila mlangoni. Miti yote chini. Magogo yakapakiwa kwenye lori la mkandarasi, wenyewe wanatazama tu. Hawakuachiwa hata kuni za kuchemshia maji."

"Sasa unataka nini?"

"Tuwahi kabla hawajaja. Tukate wenyewe, mbao zibaki kwetu."

Msusi akaacha kusuka. Mama Mapacha akabaki ameinamisha kichwa, nusu kimesukwa, nusu kimetimka, masikio yote nje.

"Na mume wangu je? Hii ndiyo njia yake."

"Njia ataikosa tu, ukikata wewe au wakikata wao. Tofauti ni kwamba ukikata wewe, anapata kibanda. Nitamjengea mwenyewe hapa mlangoni, bati juu, benchi ndani. Atatoka kitandani, hatua mbili, yuko kazini. Mfalme huyo!"

"Basi tumwambie kwanza."

"Mwambie uone. Atasema hapana. Na akisema hapana, nani hapa mtaani atashika msumeno?"

Hapo Mama Mapacha akashindwa kuvumilia. "Kweli kabisa. Mimi wangu siwezi kuukata huyu baba akiwa bado anaushika kila asubuhi, sina roho hiyo. Lakini mkikata wenu, nitakata. Mlango wangu wenyewe umeoza kwa chini, unajua."

Basi uamuzi wa mtaa mzima ukawa umemwangukia mwanamke mmoja mwenye kitana mkononi. Msusi aliutazama ule msumari wa kioo chake. Aliupenda mti ule. Lakini alilifikiria katapila, akamfikiria mumewe akibaki bila mti na bila kibanda, akaona heri nusu kuliko kukosa vyote. Hakuwaza kwenda kumuuliza mtu yeyote maana ya kile kigingi. Randa naye hakuwaza. Ya mtaa wa nyuma waliyaona kwa macho yao, waulize nini tena?

"Keshokutwa anakwenda mjini na wifi kununua nyuzi," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Fanyeni siku hiyo. Lakini asiambiwe na mtu. Nitamwambia mimi mwenyewe."

Akaendelea kusuka. Mama Mapacha akalalamika kwamba anavutwa mno.

*

Wifi mwenyewe, dada yake Fundi Viti, aliitwa Chiriku. Aliachika, akarudi kukaa kwa kaka yake, na tangu arudi nyumba haikuwahi kukaa kimya. Aliongea akifagia, aliongea akila, hata usingizini alisikika akimsuta mtu. Ilibidi aambiwe, kwa sababu ndiye aliyetakiwa kumkawiza kaka yake mjini. Alilia kidogo, akaapa kuufunga mdomo.

Kwenye duka la jumla kulikuwa na watu wengi. Muuzaji akamtazama Fundi Viti, akamtazama Chiriku, akamuuliza Chiriku.

"Anataka rangi gani?"

"Masikio anayo," Chiriku akajibu. "Muulize mwenyewe."

"Ah, samahani, mama. Basi mwambie nyekundu zimekwisha."

Fundi Viti akacheka. Alikuwa na kicheko chake maalumu cha mahali kama pale, kifupi, cha kumfanya mwenzake asione haya. Akazipapasa nyuzi, akachagua, akalipa. Walipotoka, Chiriku akamwacha mlangoni dakika moja akatafute maji ya kunywa. Aliporudi alimkuta kaka yake ameshika sarafu kiganjani.

"Ya nani hiyo?"

"Kuna mama kapita, kaniwekea. Kasema Mungu atanijalia." Akampa. "Nikasema asante. Ningefanyaje, nimwaibishe mtu mzima? Haya, kanunue karanga tule."

Walikula karanga wakingoja gari. Fundi Viti akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nishike mpaka konani tu. Pale uniache. Nikifika kwetu nami ni mtu."

Chiriku hakujibu. Garini hakuongea. Waliposhuka hakuongea. Kaka yake akamtikisa mkono.

"Wewe leo umemeza nini? Au karanga zimekukwama?"

"Kichwa kinaniuma, kaka."

"Kichwa kinakuuma ukanyamaza? Basi huo ni ugonjwa mkubwa."

Walipofika konani, Fundi Viti akajinasua mkononi mwa dada yake kama kawaida yake, kifurushi cha nyuzi kwapani, akanyoosha mkono wa kulia. Mkono ukakuta hewa. Akasogea mbele kidogo, hewa. Jua lilimpiga usoni mahali ambapo saa zile hapakuwahi kuwa na jua. Akasimama.

"Chiriku. Umenileta mtaa wa nani?"

"Kwetu, kaka."

"Usinitanie. Nimechoka. Hapa si kwetu."

"Ni kwetu, kaka. Haki ya Mungu."

"Nakwambia si kwetu!" Akageuka, akarudi hatua kadhaa, akaanza tena, mkono mbele, vidole vimetanuka. "Mnanizungusha tu. Mti uko wapi? Mti wangu wa kona uko wapi?"

Watu walikuwa vibarazani, wametulia tuli. Mama Mapacha alikuwa na tawi mkononi, na yule dereva mstaafu wa nyumba ya tatu alikuwa amekaa juu ya rundo la magogo yake. Walimtazama mtu akiutafuta mti kama anayetafuta mlango gizani, na kila mmoja alitamani mwenzake aseme. Harufu ya mti mbichi ilikuwa imejaa mtaa mzima. Fundi Viti alipoipata pua zilimcheza, akaharakisha, na mguu ukagonga kisiki. Akaanguka kifudifudi. Kifurushi kikapasuka, nyuzi zikatambaa vumbini.

Hakuinuka upesi. Mikono yake ilikuwa imekikuta kisiki, ikakizunguka, ikapita juu yake. Kilikuwa bado na majimaji.

Msusi alikuja mbio, vumbi la mbao kichwani. Maneno alikuwa ameyapanga mchana kutwa: kwanza kibanda, kisha vigingi, kisha pole pole mti. Lakini alipomwona mumewe yuko chini, mdomo umejaa vumbi, maneno yale yakamtoroka, yakaja mengine.

"Walikuja, Fundi. Watu wa barabara. Walikuja na mashine, hatukuweza kuwazuia."

"Yote?"

"Yote."

Randa alikuwa pale pale, msumeno wa injini umelala nyuma ya miguu yake. Alitazama pembeni. Mtaa mzima ulisikia uongo ule na mtaa mzima ukaubeba, maana kila mmoja alikuwa na gogo lake uani.

Fundi Viti akakaa juu ya kisiki akalia. Alilia mbele za watu, mtu mzima yule, bila kujifunika uso.

*

Kibanda kilijengwa. Randa alikijenga kwa bidii ya mtu mwenye deni la moyo, lakini mbao zilikuwa mbichi, na mbichi ni mbichi. Hata wiki haijaisha zikaanza kujikunja, benchi likainua upande mmoja. Ukikaa unateleza kuelekea ukutani. Bati likashika jua. Ndani mlikuwa na joto la tanuri, na wateja waliozoea kumwona fundi konani walipita barabara kubwa, wakadhani amehama.

"Nipeleke konani," alimwambia mkewe.

Msusi alimshika mkono, akampeleka. Njiani wakakutana na Mama Mapacha.

"Msusi, hamjambo? Fundi ameamkaje?"

"Ameamka salama," akajibu Msusi kabla hajafikiri.

Mbele kidogo, dereva mstaafu. "Shemeji yetu anaendeleaje? Anakula vizuri?"

Fundi Viti alikuwa pale pale, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe, na juzijuzi tu watu hawa hawa walikuwa wakimpigia kelele kutoka mbali, "Fundi, siafu wako wanakusubiri!" Safari hii hakucheka kile kicheko chake. Walipofika konani alikaa kwenye jua hadi kichwa kikamzunguka, akaomba arudishwe. Siku iliyofuata hakuomba kutoka.

Msusi alisukia ndani sasa, kioo amekiegemeza dirishani. Wateja walitokwa jasho, wakawa wanamwambia watarudi, na hawakurudi. Jioni shomoro walikuja kama walivyozoea, wakazunguka juu ya mtaa, wakazunguka tena, wakilia, wakaishia kujibana kwenye nyaya za umeme. Msusi alikuwa akiwatazama akiosha vyombo. Alijisikia mwizi nyumbani kwake.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mumewe alimbembeleza. Alimsikia akilia jikoni, akaja akipapasa ukuta, akamwekea mkono kichwani.

"Nyamaza, Msusi. Ungefanya nini? Wana serikali, wana mashine. Si wewe uliyekata."

"Fundi..."

"Nasema nyamaza. Tutazoea."

Chiriku alikuwa mlangoni na sufuria. Akafungua mdomo, wifi yake akamkazia macho, akaufunga. Baadaye alimfuata uani.

"Wifi, mimi nitapasuka. Mwambie."

"Nitamwambia. Acha apate nguvu kwanza."

"Nguvu atazipata wapi? Anakonda huyo!"

*

Katapila lilikuja kweli. Fundi Viti alilisikia likishushwa konani, akatoka kibandani mwenyewe, akaichukua fimbo nyuma ya mlango, fimbo ya ugenini, akaanza kuifuata sauti. Msusi alikuwa ameshika nywele za mtu. Akaziachia, akakimbia.

"Fundi, rudi! Tafadhali, waache!"

"Niwaache? Hata kuwasema nisiwaseme?"

Aliwafikia. Alinyoosha fimbo kuelekea pale sauti za watu zilipokuwa. "Nani mkubwa wenu hapa?"

"Mimi, mzee. Mimi ndiye mpimaji." Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ngumu na sauti ya upole.

"Unajua mlichotufanyia? Hamkutuuliza. Hamkutupa hata siku moja ya kuaga. Mmekata miti ya watu kama mnafyeka nyasi!"

Mpimaji akawatazama wenzake. "Miti ipi, mzee?"

"Mti uliokuwa hapo! Na hapo! Na kule mlangoni kwangu!"

"Mzee, sisi hatujakata mti hapa. Hii ndiyo mara ya kwanza kuja na mashine." Akavua kofia, akajifuta jasho. "Hata sisi tumeshangaa kukuta visiki. Vile vigingi ni mwisho wetu, hatuvuki pale. Barabara inatanuliwa kwa upande wa ule ukuta wa pili. Huku tunachimba mtaro tu, nje ya vigingi. Miti tuliambiwa tusiiguse."

Injini ya katapila ilikuwa imezimwa. Mtaa ulikuwa umejaa watu. Mama Mapacha alijifunika mdomo kwa kanga. Dereva mstaafu akaingia ndani, akaurudishia mlango wake mpya wa mwarobaini.

Fundi Viti aliishusha fimbo. Aligeuza uso, si kwa mpimaji, bali kule alikomsikia mkewe akihema.

"Msusi."

"Abee."

"Nani alikata?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

Randa akasogea. "Shemeji, msumeno niliushika mimi..."

"Sijakuuliza wewe."

"Mimi," akasema Msusi. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta. "Walikuwa wakinisubiri mimi. Nilisema ndiyo. Nilidhani watakuja tu, Fundi, nilidhani utakosa vyote, nikasema heri upate kibanda. Nilitaka kukwambia siku ile ile. Nilipokuona umeanguka nikashindwa."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Lakini alisema kwa sauti ndogo:

"Nilikubembeleza. Wewe ulikuwa unalia, mimi nakubembeleza."

Akageuka kurudi. Chiriku alitaka kumshika mkono, akautoa. Alirudi kwa fimbo, akigonga kisiki hiki na kile. Nyuma yake katapila likawashwa, likaanza kuchimba mtaro.

*

Wazo la kusimama lilitoka kwa Chiriku. Nani mwingine angekuwa nalo? Jioni alizunguka nyumba zote mdomo ukiwa umefunguka tena, akawasema wakubwa kwa wadogo hadi wakainamisha vichwa. "Mlikata pamoja, sasa simameni pamoja," aliwaambia. "Kaka yangu kesho anatoka. Kila mtu asimame penye kisiki chake, amshike bega hadi konani. Tutasimama kila asubuhi. Miche nitaileta mimi, tutasimama hadi ikue."

Na kweli, asubuhi walisimama. Mama Mapacha penye kisiki chake. Dereva mstaafu mahali pa siafu, mikono nyuma kama yuko gwaride. Randa kule mwisho, konani, hajala kitu tangu jana. Wa kwanza, mbele ya mlango, alikuwa Msusi. Alikuwa ameoga, amejifunga kanga safi. Upande wa kulia mtaro mpya ulikuwa umeachama, kina cha mtu mzima, bado haujajengewa.

Mlango ukafunguka. Fundi Viti alitoka, nyuzi begani, bila fimbo. Pengine ni mazoea, pengine ni ukaidi, hakuna aliyemuuliza. Alinyoosha mkono kama zamani, na mkono ukatua juu ya bega.

Alilijua hapo hapo. Bega lile alilijua kuliko mti wowote. Vidole vilibaki pale, vikakaza kidogo, na Msusi akafumba macho, akajua amesamehewa, akaanza kumshukuru Mungu moyoni.

"Sogea, mke wangu," akasema Fundi Viti.

"Nimesimama badala ya..."

"Najua umesimama badala ya nini. Sogea. Mti ule haukuwahi kunidanganya."

Akamsogeza kwa upole, akampita. Watu walitazamana, wasijue waondoke au wabaki. Alitembea mkono mbele, shavu likitafuta kivuli ambacho hakikuwepo, na bila kivuli hakujua kwamba anakwenda upande. Hatua moja kulia. Nyingine kulia. Vumbi la ukingo wa mtaro likaanza kumomonyoka chini ya kiatu chake.

"Kushoto!" Msusi akapiga kelele. "Fundi, kushoto! Mtaro!"

Miaka yote ya ndoa yao, akimwambia kushoto, alikuwa ameshageuka kushoto kabla neno halijaisha. Safari hii alisimama. Alisimama ukingoni pale mkono ukiwa hewani, ameinamisha kichwa, anafikiri.

Kisha akaunyoosha mguu wa kushoto, taratibu, akaipapasa ardhi kwanza.